Fitina: Asili, Maana na Historia ya Neno la Mfarakano

Utangulizi

Ndugu wawili wakikosana juu ya shamba la marehemu baba yao, wazee wanaokaa kuwasuluhisha aghalabu huanza na swali moja: ni nani aliyetia fitina? Swali la mipaka ya shamba na la haki ya kila mmoja huja baadaye, na pengine haliji kabisa. Msamiati wenyewe umekwisha kuwaelekeza wazee upande mmoja. Anayeuita ugomvi huo fitina huwa amekwisha kusema kwamba chimbuko lake ni mtu wa tatu na maneno yake. Kilichobaki ni kumtafuta mtu huyo.

Makala haya yanachunguza asili ya neno fitina, safari yake kutoka Kiarabu hadi Kiswahili, na matumizi yake katika historia na fasihi ya pwani na ya Kenya kwa jumla. Hoja inayotetewa ni kwamba neno hili lilipoingia katika Kiswahili liliacha nyuma sehemu moja ya maana yake, nayo ni maana ya jaribio linalodhihirisha ukweli, likabaki na sehemu ya uharibifu. Upotevu huo si jambo la wanaisimu peke yao. Umeathiri namna jamii inavyoisoma historia yake, namna wahakiki wanavyozisoma tungo za kale, na namna watawala walivyowashughulikia watu wenye rai tofauti na yao.

Moto wa Mfua Dhahabu

Neno fitina linatokana na neno la Kiarabu fitna, lenye mzizi wa konsonanti tatu: f-t-n. Wanakamusi wa kale wa Kiarabu, akiwemo Ibn Manzur, aliyeishi katika karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14 na kutunga kamusi kubwa iitwayo Lisan al-Arab, wanaueleza mzizi huo kwa mfano wa karakana. Kitenzi chake kilitumiwa kwa tendo la kuyeyusha dhahabu au fedha motoni ili kibaya kitengwe na kizuri. Kutokana na tendo hilo, mfua dhahabu aliitwa fattan. Jina hilo hilo alipewa Shetani, kwa kuwa naye huwatia wanadamu katika moto wa majaribu.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba moto huo, kwa asili, haukuwa wa kuteketeza. Ulikuwa wa kubainisha. Madini yaliyoingia motoni yakiwa yamechanganyika na takataka yalitoka yakiwa safi, na dhahabu ya uongo ilijulikana kuwa ya uongo. Dhana ya fitna, basi, ilibeba mambo mawili kwa pamoja: machungu ya kuungua, na elimu inayopatikana kwa kuungua huko. Asiyetiwa motoni hajulikani ni dhahabu au ni shaba.

Pande zote mbili za maana zinaonekana katika Qurani. Ziko aya zinazosema kwamba mali na watoto ni fitna kwa wanadamu. Muktadha wa aya hizo hauruhusu maana ya ugomvi. Mali na watoto ni mtihani ambao kwao imani ya mtu hupimwa. Ziko aya nyingine, hasa mbili katika sura ya Al-Baqara, zinazoiweka fitna juu ya kuua kwa uzito wa uovu wake. Hapo wafasiri wa kale walizungumzia mateso wanayotendewa waumini ili waiache dini yao, pamoja na vurugu inayotokana na hali hiyo. Ni kutokana na aya hizi mbili za mwisho kwamba Waswahili wengi huiona fitina kuwa dhambi inayoupita hata uuaji, na mara nyingi kauli hiyo hutajwa kama methali na watu wasiokumbuka chimbuko lake wala muktadha wake wa kwanza.

Kutoka Jaribio la Mtu hadi Mpasuko wa Umma

Maana ya tatu ililetwa na historia. Mwaka 656 Khalifa Uthman bin Affan aliuawa nyumbani kwake Madina. Katika mwaka huo huo vikapiganwa Vita vya Ngamia karibu na Basra, na mwaka 657 vikafuata vita vya Siffin baina ya Ali bin Abi Talib na Muawiya. Ali mwenyewe aliuawa mwaka 661. Miaka hiyo mitano iliitwa na wanahistoria wa Kiislamu Fitna, na baadaye Fitna ya Kwanza, kwa sababu ya pili haikukawia. Kuuawa kwa Hussein bin Ali huko Karbala mwaka 680 kulifungua mlango wa vita vya ndani vilivyoendelea hadi mwaka 692.

Hapa neno lilipanuka kutoka kwa nafsi ya mtu mmoja hadi kwa umma mzima. Hata hivyo, kwa wanahistoria wale, maana ya kwanza haikufutika. Vita vya ndani viliitwa fitna kwa kuwa viliupasua umma, na pia kwa kuwa viliwaweka watu wema mbele ya uchaguzi mgumu, masahaba wakisimama dhidi ya masahaba. Kila mmoja alipaswa kuamua asimame wapi, au ajitenge.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa mbali na kumbukumbu hiyo. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alitunga utenzi juu ya Hussein bin Ali, na kwa utenzi huo kisa cha Karbala kikapata makao katika lugha ya Kiswahili. Wala si fasihi peke yake. Madhehebu ya Ibadhi, yaliyokuwa ya watawala wa Omani waliohamia Zanzibar, yana mizizi katika kundi lililojitenga baada ya Siffin kwa kukataa usuluhishi wa wanadamu katika jambo waliloamini kuwa hukumu yake ni ya Mungu. Kwa hiyo watawala waliokuja kulitumia neno fitina dhidi ya wapinzani wao wa pwani walikuwa wenyewe warithi wa msimamo uliozaliwa ndani ya fitna.

Kuingia katika Kiswahili: Umbo na Maana

Kwa upande wa umbo, neno halikupata taabu. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zifuatane bila irabu kati yao, na fitna ikawa fitina, kama vile hukm ilivyokuwa hukumu, rizq ikawa riziki, na dhulm ikazaa dhuluma. Umbo la fitna halikupotea kabisa. Wasomi wa dini hulitumia, na washairi huchagua baina ya maumbo hayo mawili kulingana na mahitaji ya mizani. Baada ya kukaa, neno likaanza kuzaa kwa utaratibu wa Kibantu: kitenzi fitini, na kutoka kwake fitinisha na fitiniana; kisha nomino ya mtendaji, mfitini, katika ngeli ya watu.

Uzazi huo si wa kupuuzwa. Nomino mfitini inampa mfarakano sura ya mtu. Kiarabu nacho kina fattan, lakini huyo, kama ilivyoonyeshwa, aliweza pia kuwa fundi mwenye kazi halali. Mfitini wa Kiswahili hana karakana. Kazi yake ni kuchukua neno kutoka nyumba hii na kulipeleka nyumba ile likiwa limeongezwa chumvi.

Kwa upande wa maana, kamusi zinashuhudia mkondo mmoja. Katika kamusi ya Johann Ludwig Krapf iliyochapishwa mwaka 1882, katika ile ya A. C. Madan ya mwaka 1903, katika ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, fitina inawekwa katika uga wa ugomvi, chuki na maneno ya kugombanisha watu. Maana ya jaribio haipo katika matumizi ya kawaida ya msemaji wa Kiswahili. Msemaji huyo akitaka kutaja jambo zito linaloipima subira ya mtu, hulitumia neno jingine lenye asili ya Kiarabu: mtihani. Mama wa Mombasa aliyeuguliwa na mtoto husema kwamba huo ni mtihani. Hatasema kwamba hiyo ni fitina. Wafasiri wa Qurani kwa Kiswahili wanaijua vyema tofauti hii. Penye aya za mali na watoto hutumia maneno kama mtihani au jaribio, na penye aya za vurugu huliacha neno fitina mahali pake. Neno ambalo katika Kiarabu ni moja, katika Kiswahili limegawanyika kuwa mawili.

Kubanika huku kwa maana si kwa Kiswahili peke yake. Katika Kimalei na Kiindonesia, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, neno lile lile, fitnah, limekuwa na maana ya kumsingizia mtu uovu. Katika Kihausa, upande wa pili wa bara la Afrika, fitina ni vurugu na ugomvi. Kila jamii iliyolipokea neno ilichukua kipande chake. Waswahili walichukua kipande kilichokaa katikati: ugomvi unaoletwa na maneno.

Majirani wa Fitina

Maana ya neno haieleweki vizuri bila ya kuyatazama maneno yanayopakana nalo. Kiswahili kina utajiri mkubwa katika uga huu. Liko neno ugomvi, kutokana na gomba. Liko utesi, kutokana na teta. Liko uchongezi, kutokana na chongea, kitenzi chenye umbo la kauli ya kutendea ya chonga, kana kwamba mchongezi huchonga maneno hadi yakawa na ncha. Maneno haya ni ya Kibantu na yote yanataja kitendo. Upande wa Kiarabu kuna mfarakano na mtafaruku, yote mawili ya mzizi f-r-q wenye maana ya kutenga. Haya yanataja hali: waliokuwa pamoja sasa wako mbalimbali. Msemaji anaweza kusema kwamba kuna mfarakano katika chama bila ya kumshtaki mtu yeyote. Akisema kuna fitina katika chama, tayari kuna mshtakiwa.

Jirani wa kuangaliwa kwa makini zaidi ni hitilafu. Neno hili linatokana na ikhtilaf, ambalo katika elimu ya sheria ya Kiislamu ni istilahi yenye heshima. Ikhtilaf ni tofauti ya rai baina ya wanazuoni. Madhehebu manne ya Sunni yalihitilafiana katika mambo mengi ya ibada na ya mirathi, na hitilafu hiyo ilikubaliwa kuwa halali. Vitabu viliandikwa kuipanga na kuifafanua. Wanazuoni, basi, walikuwa na maneno mawili: ikhtilaf kwa tofauti inayovumilika, na fitna kwa mpasuko unaoangamiza.

Kiswahili kimeyarithi yote mawili, lakini hitilafu nayo imehama. Ingawa bado hutumika kwa maana ya kutokubaliana, leo msikilizaji wa redio huisikia zaidi katika habari za mitambo: hitilafu ya umeme, hitilafu ya injini. Tofauti imekuwa kasoro, kitu cha kuitiwa fundi akitengeneze. Kwa hiyo neno lililoweza kuipa tofauti ya rai hadhi yake limeegemea upande wa ubovu, na neno lililoweza kuuita mgongano jaribio limeegemea upande wa uchochezi. Mtu anayetaka kusema kwa Kiswahili kwamba watu wawili wema wametofautiana juu ya jambo la kweli, na kwamba tofauti yao itawafundisha wote, hulazimika kutumia maneno mengi. Neno moja la kulisema hilo amenyang'anywa na historia.

Fitina na Historia: Shela na Mombasa

Athari ya msamiati huu katika kuisoma historia inaonekana wazi katika matukio ya pwani ya Kenya ya mwanzo wa karne ya 19. Katika mwongo wa pili wa karne hiyo, baina ya mwaka 1812 na 1814, majeshi ya Pate na ya Mombasa yaliyoungana yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, vinavyojulikana pia kama Vita vya Kuduhu. Vita hivyo vilitanguliwa na kufuatiwa na majibizano ya mashairi, ambayo Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya na kuyachapisha mwaka 1995. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, ni miongoni mwa sauti kuu za wakati huo. Baada ya ushindi wao, watu wa Lamu walimwomba Sayyid Said wa Omani awape himaya kwa kuogopa kisasi, na mlango wa utawala wa Busaidi katika kaskazini ya pwani ukafunguka.

Mombasa nayo ilifika zamu yake. Ukoo wa Mazrui ulikuwa umeutawala mji huo kwa takriban karne nzima. Liwali Salim bin Ahmed alipofariki mwaka 1835, jamaa zake walishindana juu ya urithi wa uongozi, na uhusiano baina ya Mazrui na baadhi ya wenyeji, hasa Taifa Tatu za Kilindini, Tangana na Changamwe, ukaharibika. Waliochoshwa na hali hiyo waligeukia kwa Sayyid Said. Mwaka 1837 mji uliokuwa umezistahimili nguvu zake za kivita kwa miaka mingi uliingia mkononi mwake bila ya vita vikubwa. Wakubwa wa Mazrui waliokamatwa walipelekwa Bandar Abbas, katika Ghuba, wala hawakurudi.

Kisa hiki husimuliwa kwa wepesi kama kisa cha fitina: ndugu walifitiniana, adui akapita katikati. Masimulizi hayo yana ukweli, na ndiyo maana yamedumu. Lakini yakikubaliwa peke yake, huyafunika mambo mengine yaliyo mazito. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Mombasa ilikuwa imekipoteza kisiwa cha Pemba, kilichokuwa ghala lake la mchele. Biashara ya pembe za ndovu, na baadaye ya karafuu, ilikuwa ikivutwa Zanzibar pamoja na ushuru wake. Isitoshe, madai ya Taifa Tatu ya kupewa nafasi ya haki katika uendeshaji wa mji hayakuanza mwaka 1835. Mfitini anaweza kuupuliza moto. Kuni zilikuwa zimekwisha kurundikwa miaka mingi kabla yake. Msomaji akiuliza tu ni nani aliyefitini, atapata jina la mtu. Akiuliza walikuwa wakigombea nini, atapata historia.

Fitina katika Fasihi

Katika fasihi, kisa kinachohusishwa na fitina kuliko vyote ni kile cha Fumo Liyongo, kinachojulikana sana kupitia utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Sultani wa Pate, Daudi Mringwari, anamhofia Liyongo kwa nguvu zake na kwa kupendwa kwake na watu. Baada ya hila kadhaa kushindwa, anamrubuni mwana wa Liyongo mwenyewe kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Mwana anaipata siri ya baba yake, kwamba silaha pekee iwezayo kumwua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Anamchoma akiwa amelala. Liyongo anakufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wanakaa siku kadhaa wakiogopa kwenda kuteka maji. Mwana, kwa upande wake, haipati ahadi aliyopewa, naye anafariki kwa ugonjwa.

Wahakiki wamezoea kukisoma kisa hiki kama onyo dhidi ya fitina na usaliti. Usomaji huo ni sahihi hadi mahali fulani. Maana ya kale ya neno, hata hivyo, inaruhusu usomaji wa kina zaidi. Ahadi ya sultani ni moto wa mfua dhahabu. Ndani yake mwana anajulikana kuwa shaba, sultani anajulikana kuwa mwoga asiyetimiza neno lake, na watu wa mji wanajulikana kuwa walimtegemea shujaa ambaye hawakumlinda. Hata kiu ya watu pale kisimani inapata maana: mji uliokaa kimya wakati wa hila unaadhibiwa kwa kunyimwa maji na maiti wa yule aliyeachwa peke yake. Fitina hapa inawadhihirisha watu kama inavyowaharibu, na kuifunga katika maana ya uchongezi tu ni kuupunguza utendi.

Shaaban Robert aliigeuza hali hiyo upande wa pili katika Kusadikika, riwaya iliyochapishwa mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Waziri Mkuu Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria nchini. Katika utetezi wake anawakumbusha watawala habari za wajumbe waliotumwa nchi mbalimbali kutafuta manufaa ya Kusadikika, na ambao waliporudi na elimu walitiwa gerezani. Watu hao hawakuwagombanisha majirani. Walileta mawazo yaliyotofautiana na yaliyozoeleka, na utawala ukayaona mawazo hayo kuwa hatari kwa utulivu. Mwandishi anamwonyesha msomaji jinsi tofauti ya rai inavyobandikwa jina la uharibifu na wale wanaonufaika na kimya. Mwisho wa riwaya, mtuhumiwa anaachiliwa pamoja na wafungwa waliomtangulia. Aliyetiwa motoni ametoka safi; waliouwasha moto ndio walioonekana takataka zao.

Kutoka Fitina hadi Uchochezi

Katika karne ya 20, dola ya kisasa ilihitaji neno la kisheria la kutaja maneno yanayowakoroga raia dhidi ya serikali. Kiswahili kilitoa uchochezi, kutokana na kitenzi chochea, ambacho asili yake ni jikoni: kuzisukuma kuni ndani ya meko ili moto uwake zaidi. Ni ajabu ya lugha kwamba neno la Kiarabu na neno la Kibantu, bila ya kuhusiana kwa asili, yalikutana katika taswira ya moto. Lakini mioto hiyo miwili si sawa. Wa kwanza, kwa asili yake, ulikuwa wa kupima. Wa pili, ukitumiwa na mwendesha mashtaka, ni wa kuunguza tu.

Kenya inao mfano ulio karibu na fasihi kuliko mingine yote. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, akiihoji serikali ya wakati huo. Alihukumiwa kwa kosa la uchochezi na kufungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Nchi ile ile iliyomfunga mwandishi kwa maneno yake ilimtuza kwa maneno yake. Swali la anwani ya waraka lilikuwa swali la raia anayetaka kujua mwelekeo wa nchi yake; dola ilisikia ndani yake kuni zikisukumwa mekoni. Vifungu vya sheria kuhusu kosa hilo vilifutwa mwaka 1997, katika mageuzi yaliyotangulia uchaguzi mkuu wa mwaka huo.

Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba fitina ni hofu ya watawala peke yake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini Kenya, na miongoni mwa mambo yaliyobainika ni kwamba maneno yaliyosemwa majukwaani na katika baadhi ya vituo vya redio yalikuwa yamewaandaa watu kuwaona majirani zao kuwa wageni wa kuondolewa. Sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa ilipitishwa mwaka 2008, na istilahi ya matamshi ya chuki ikaingia katika lugha ya kila siku. Aliyeona nyumba ikiteketea hawezi kuambiwa kwamba mfitini ni kiumbe wa kubuniwa.

Lakini tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake mwaka 2008, haikuishia kwa wasemaji. Ilitaja pia dhuluma za ardhi zilizolimbikizwa, vijana wasio na kazi, na mazoea ya wakosaji wakubwa kutoadhibiwa. Kwa lugha ya makala haya, iliwataja wachocheaji na ikazihesabu kuni. Huo ndio usomaji ambao neno fitina, katika maana yake iliyobanika, huuzuia. Na ndio ambao maana yake ya kale huudai.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba fitina ilianza kama moto wa kubainisha madini, ikawa jaribio la imani, ikawa jina la vita vya ndani vya umma wa Kiislamu, kisha ikaingia katika Kiswahili na kukaa kama ugomvi unaoletwa na maneno ya mtu. Imeonyeshwa pia kwamba hitilafu ilielekea upande wa kasoro, na kwamba uchochezi uliingia kuikamilisha kazi ya fitina katika mahakama za dola ya kisasa. Matokeo yake ni msamiati mwepesi wa kushtaki na mzito wa kuchunguza.

Neno halirudishwi lilikotoka kwa amri ya msomi, na Waswahili wataendelea kusema fitina kwa maana wanayoijua. Linalowezekana ni zoezi dogo la usomaji. Kila mara neno hili linapokutwa, liwe katika utendi, katika historia ya mji au katika hotuba ya kiongozi, maswali mawili yaulizwe pamoja: nani amewasha, na moto huu umeonyesha nini? Wale wazee waliokaa na ndugu wawili wanaogombea shamba watamjua mfitini kwa swali la kwanza. Kwa swali la pili huenda wakagundua kwamba shamba lenyewe halikugawanywa kwa haki tangu mwanzo, na kwamba hata mfitini asingalikuwapo, ndugu hao wangalifika hapo hapo walipofika.